Selotepu ikushikie mteja hadi Jumamosi

Kama katikati ya wiki uko kazini kwa mwajiri, na wikendi unaziba nyufa za vioo vya mbele vya magari hapa Kisumu, mteja akikupigia Jumanne usimwambie tu asubiri. Mwambie abandike selotepu juu ya pale jiwe lilipogonga, siku hiyo hiyo. Vumbi na maji vikishaingia, gundi ya kuzibia ufa haishiki vizuri na doa hubaki.

Jumamosi anza asubihi, kivulini. Miale ya jua ndiyo hukausha ile gundi, na jua letu halingoji ifike ncha za ufa. Gusa kioo kwa kiganja kwanza. Kikiwa cha moto, subiri kipoe chenyewe, usikimwagie maji baridi. Ufa ulio mbele ya macho ya dereva mimi siugusi, hata anibembeleze vipi. Huyo abadilishe kioo.