SOMO: Viatu vya suti kwa bei ndogo hapa Goma (soma kabla ya kunitumia ujumbe)

Naandika mara moja, nikiulizwa tena nitatuma hili tu. Swali ni lile lile: "Grand (kaka mkubwa), kiatu kizuri cha bei ndogo nitakipata wapi?" Wapi si siri. Zunguka Birere, panda soko la Virunga, kaa pale balo, yaani marobota ya mitumba, zinapofunguliwa. Taabu ni kwamba mtu akifika anatazama kinachong'aa, analipa, na kiatu hakimalizi msimu wa mvua. Wengi huanza na ngozi. Kwa barabara zetu hizi, anza na soli.

1. Nenda alasiri. Miguu huwa imevimba kidogo, na ndiyo miguu utakayokuwa nayo harusini saa kumi na moja.

2. Vaa vyote viwili, na soksi za ofisini. Kiatu kifuate mguu mkubwa.

3. Namba ni ya kuanzia tu. Hatua moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, ya Uingereza ni theluthi moja ya inchi, kwa hiyo 42 na 8 hukaribiana, hazilingani.

4. PINDUA KIATU. Hapa ndipo pesa za watu zinapozama, zangu zikiwemo. Kwenye balo utakuta kiatu ambacho hakijavaliwa hata siku moja: kisigino kizima, bitana safi, bei ya kuchekesha. Kama soli yake ni nyepesi, laini kama sponji ngumu, na kisigino na soli ni kipande kimoja cha kumiminwa, huenda ni poliyurethani (kwa kifupi PU), aina ya plastiki. Ikikaa ghalani miaka mingi huoza kwa ndani bila kuonyesha. Unaivaa, unatembea kidogo, inameguka vipande vipande na kuacha unga mweusi kwenye sakafu ya kanisa. Fundi hawezi kuokoa soli kama hiyo, maana hata gundi haipati pa kushika.
Kwa hiyo: kunja kiatu kwa nguvu mbele ya muuzaji, pale vidole vinapokunjia. Tazama nyufa ndogo. Bonyeza ukucha kwenye kisigino. Alama ikibaki, au ikinata, au vumbi likitoka, rudisha. Tazama kama herufi PU zimechapwa chini. Muuzaji akikataa usikunje, amekwisha kukujibu. Na usidanganywe na neno "mpya". Kwa soli ya namna hii, mpya ya zamani ni mbaya kuliko iliyotengenezwa juzi ikavaliwa.

5. Sasa ngozi. Viatu vilivyouzwa Ulaya tangu 1996 vinatakiwa kuwa na alama ndogo, mara nyingi chini au ndani ya ulimi: sehemu ya juu, bitana, soli, kila moja na mchoro wake. Ngozi iliyotandazwa ni ngozi. Ngozi yenye almasi ndani yake ni ngozi iliyopakwa tabaka la plastiki. Almasi peke yake ni kitu kingine, si ngozi wala kitambaa. Wavu ni kitambaa. Alama ikiwa imefutika, kunja: ngozi hutoa mikunjo midogo mingi, plastiki hutoa mkunjo mmoja mkavu.

6. Mshono. Kati ya soli na kiatu tafuta ukanda mwembamba wenye uzi. Ukiwa wa kweli, soli ikiisha fundi anaing'oa na kushona nyingine. Lakini viwanda vya bei rahisi huchora uzi kwenye plastiki, au hushona ukanda kisha huugandisha kwa gundi. Uguse: uzi wa kuchorwa ni mstari tu. Usipoona ukanda, chungulia ndani. Mstari wa uzi juu ya kitako cha ndani ni mshono pia, na fundi mwenye mashine au subira huweza kuushona tena. Cha gundi tupu si dhambi, ila usikilipie bei ya cha kushonwa.

7. Rangi: nyeusi kama unanunua jozi moja. Ncha isiwe ndefu ya kuchomea watu.

8. Kabla hujakivaa, mpelekee fundi.

MASWALI

Kadogo wa Ndosho: Grand, bei gani? Na iko wapi?
— Wapi nimeandika juu kabisa: Birere na soko la Virunga.

Kadogo wa Ndosho: Nimesoma, nilitaka jina la muuzaji tu.
— Mwenye balo nzuri leo, kesho atafungua balo ya sandali za watoto. Jifunze kutazama.

Papa wa Katindo: Samahani, soli ya ngozi ndiyo heshima. Soli za raba ni za vijana.
— Papa, heshima hiyo ipitishe Majengo ukarudi. Tunatembea juu ya mawe ya volkano yetu, Nyiragongo, na jiwe la lava hukwangua ngozi kama tupa. Sikukataza soli ya ngozi, ndiyo maana hatua ya 8 ipo: fundi akugandishie nusu soli ya raba nyembamba mbele na kipande kwenye kisigino kikiwa bado kizima. Ikilika unabadilisha raba, soli yako inabaki.

Papa wa Katindo: Hapo sawa. Ila ungeandika hivyo juu.
— Ni kweli, hatua ya 8 niliipita mbio.

Mwalimu Himbi: Aksanti kwa somo. Kitu ambacho hakijavaliwa kinaozaje?
— Swali zuri, Mwalimu. Ni unyevu. Poliyurethani ni minyororo mirefu, na maji yaliyomo hewani huikata polepole, joto likiharakisha. Haihitaji mguu wa mtu, inahitaji miaka na hewa tu. Kiatu kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki penye unyevu hakiko salama. Raba ya kawaida huzeeka pia, lakini huwa ngumu na kupasuka taratibu, unaona mapema. Kwa mkono, raba ni nzito zaidi.

Kijana wa Mabanga: Changu kimeandikwa Vero Cuoio. Kwa hiyo ni ngozi yote?
— Kimeandikwa wapi?
Kijana wa Mabanga: Chini.
— Basi kinasema soli ni ngozi, ni Kiitaliano. Juu kunaweza kuwa plastiki. Rudi hatua ya 5.

Mama Neema: Baba Neema mguu wake umeinuka juu, kila kiatu cha kamba kinabaki wazi kama V. Nimnunulie gani?
— Mama, mwache richelieu, ile ambayo mabawa ya kamba yameshonewa chini ya sehemu ya mbele. Tafuta derby, mabawa yake yako juu na yanafunguka. Kama haji sokoni, asimame juu ya katoni mchore miguu yote miwili, ukate, uende na vipande hivyo. Kipande kikijikunja ndani ya kiatu, kiatu hicho ni kidogo. Ila katoni haipimi kimo cha mguu, kwa hiyo patana na muuzaji kwanza kuhusu kubadilisha.

Kadogo wa Ndosho: Changu kimelowa jana, nimekiweka karibu na mbabula.
— Kiondoe SASA. Ngozi ikikaushwa kwa makaa ya mbabula hukakamaa na kupasuka, na gundi hulainika. Jaza magazeti, badilisha yakilowa, kiache kivulini siku mbili, kisha paka rangi ya viatu.

Motari wa Kyeshero: Niongeze moja. Nyinyi abiria wa suti, msikanyage bomba la moshi la pikipiki. Soli za raba zinayeyukia pale na mimi ndiye ninayekwangua.
— Na upande wa ndani wa kiatu cha kulia huungua kwanza. Kwa hiyo sokoni, kwenye balo zinazotoka kwa watu wa hapa hapa, pitisha kidole pale.