Ampu ya valvu ikorome bila kuamsha mtaa mzima

Wakuu wapiga gita wa Kigoma, hasa nyie wa Mwanga mnaokaa nyumba zimebanana, hii ni yenu. Ampu ya valvu (zile chupa za kioo za kukuza sauti) utamu wake unakuja pale zile valvu kubwa za mwisho, zinazosukuma spika, zinapobanwa mpaka zinaelemewa, sauti inakuwa nene inakoroma, ukichapa kwa nguvu inauma ukilegeza mkono inakuwa safi. Shida kufika hapo lazima voliumu ipande sana, na jirani naye ana mtoto. (Kama unapiga sebene za ng'ambo ya ziwa we endelea na mambo yako, sebene inataka gita safi.)

Kwanza tutoe uongo mmoja. Wati 50 sio nusu ya kelele ya wati 100, tofauti ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Sikio lione kelele imepungua nusu inabidi ushuke mpaka wati 10 hivi, na hata wati 5 za ampu ndogo ya Fender Champ ukizifungulia zote chumbani bado ni kelele ya kutosha.

Masta voliumu nayo (kitufe cha kushusha sauti ya jumla), ambayo Marshall waliiweka kwenye ampu yao ya 2203 ya mwaka 1975, inasaidia ila inakoromesha valvu ndogo za mwanzo, zile kubwa zinabaki zimepumzika. Ndo maana sauti inatoka kama nyuki kwenye kopo.

Mimi naona dawa ni atenyueta. Ni kaboksi kanakaa katikati ya ampu na spika, ampu inafanya kazi yote halafu kenyewe kanageuza sehemu kubwa ya nguvu kuwa joto, spika inapata kidogo. Angalia omu (kipimo cha ukinzani wa umeme, kimeandikwa nyuma ya ampu na spika) zifanane, ampu ikisema 8 na kaboksi kawe 8, na kaweze kubeba wati nyingi kuliko ampu maana ampu ya 50 ikifunguliwa yote inatoa zaidi ya 50. Kaache kapate hewa, usikafunike kitambaa. Tumia waya wa spika, sio ule wa gita, ule mwembamba unaweza kukata na hapo ndo balaa, kwa sababu ampu ya valvu haiwashwi bila mzigo (yaani spika au kaboksi) kabisa, transfoma ya kutokea, ile inayopeleka nguvu kwenye spika, inaungua na kuipata nyingine huku utasubiri sana. Jua pia valvu zinachoka vilevile kama umepiga kwa sauti kubwa.

Usishushe mpaka mwisho. Ukipunguza desibeli 6 mpaka 10 bado tamu, ukizidisha sauti inapooza, kwanza spika yenyewe haihemi tena na pia masikio yetu kwenye sauti ndogo hayasikii vizuri besi na treble, kwa hiyo zirudishie kidogo kwenye ampu.

Huna hela ya atenyueta? Weka pedali ya ovadraivu (ya kukoromesha sauti) kati ya gita na ampu, gain (kiasi cha mkoromo) chini voliumu yake juu, ampu acha kati. Sio kitu kilekile lakini ukipiga kanisani hakuna atakayejua, we weka ampu ndogo na maiki mbele yake peleka kwenye miksa.

Kuna wanaochomoa valvu mbili kati ya nne kwenye ampu za wati 100. Inawezekana, ila lazima swichi ya omu uiweke nusu ya omu za spika, na unapata zile desibeli 3 tu. Usumbufu wote huo kwa kitu ambacho jirani hata hatakigundua.