Somo: Kupiga picha mbio za baiskeli za zamani kwenye barabara ya vumbi, Tabora

Wengi mmeomba somo la picha za mbio. Naanza na baiskeli, zile Phoenix na Swala za gia moja, maana ndizo zilizo karibu nasi. Ukiziweza hizi, gari halitakutisha.

1. Wahi. Fika waendeshaji wakiwa bado wanahangaika na vyombo vyao. Keria na madigadi vimeshafunguliwa kupunguza uzito. Mmoja anafunga pindo la suruali kwa kipande cha tyubu lisiliwe na cheni, mwingine anazunguka akiazima spana. Piga vidole vyenye grisi na tandiko lililoshonwa upya. Kwangu mimi, nusu ya picha nzuri za mbio hupatikana kabla filimbi haijalia.

2. Tafuta kona. Mstari wa kumalizia waachie wenye simu, utajaa vichwa na mikono. Kwenye kona mwendeshaji anapunguza mwendo, analala upande, kisha anasimama juu ya pedeli kuanza upya, na uso unasema kila kitu. Simama upande unakotoka upepo ili vumbi liende mbali nawe. Kiangazi huku upepo mara nyingi hutoka mashariki. Nyuma yake pawe na kitu cheusi kilichotulia, kama safu ya miembe. Shati jeupe la mtazamaji huharibu picha nzima.

3. Kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera linabaki wazi kuingiza mwanga. Hapa ndipo watu wanapokosea. Baiskeli ya kilomita 36 kwa saa inakwenda mita 10 kwa sekunde. Ukiweka 1/1000 ya sekunde, inasogea sentimita 1 tu shata ikiwa wazi: spoki zote zinahesabika, na unapata mtu aliyekaa juu ya baiskeli iliyosimama. Ukiweka 1/50 inasogea sentimita 20. Hapo spoki zinayeyuka na barabara inakuwa michirizi, ilimradi umemfuata vizuri kwa kamera. Anza na 1/125, ukizoea shuka hadi 1/50.

4. Fuata kwa kiuno. Miguu ielekee pale unapotaka kupiga, si pale anapotokea. Mshike kwenye fokasi akiwa mbali, geuka naye kuanzia kiunoni, viwiko vimebana mbavu. Piga mfululizo akifika mbele yako, na uendelee kugeuka hata baada ya kubonyeza. Ukikata ghafla, picha nayo inakatika. Jicho likae usoni mwake; gurudumu lipotee tu, uso usipotee. Nyingi zitaharibika, futa bila huruma.

Mazoezi hayahitaji mashindano. Simama asubuhi kando ya barabara ya Kwihara, bodaboda watakupa somo bure.

5. Vumbi. Usibadilishe lenzi barabarani, basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Nina simu tu, nitaweza?
Marahaba. Utaweza, ila tundu la lenzi ya simu nyingi halifungiki kupunguza mwanga. Ingia hali ya Pro (ya kujipangia mwenyewe), weka ISO, yaani wepesi wa kupokea mwanga, ya chini kabisa na shata 1/60. Saa sita mchana picha itakuwa nyeupe tupu. Piga alfajiri jua likianza kuchomoza, tena chini ya miti, au weka kioo cha miwani ya jua mbele ya lenzi. Wenzako watacheka, picha itatoka.

Kaka, mimi nina kamera, lakini nikishuka 1/50 naona madoa meusi angani. Lenzi mbovu?
Hapana. Jua likiwa kali, 1/50 inailazimisha kamera kufunga tundu hadi f/16 au f/22 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), na hapo kila chembe ya vumbi iliyoganda kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, inajionyesha. Puliza kwa pampu ndogo ya mpira, kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate ni mabaya kuliko vumbi.

Na magari ya zamani je? Natamani kwenda kupiga ile Safari ya magari ya kale.
Mbio zenyewe za Safari (Safari Rally) zilianza 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hizi za magari ya kale zilianza 2003. Mbinu ni ileile, hesabu tu inabadilika. Gari la kilomita 108 kwa saa linakwenda mita 30 kwa sekunde, hivyo 1/125 inatosha kabisa, linasogea sentimita 24. Lakini mahali pa kusimama si palepale. Baiskeli ikikosa kona unaikwepa. Gari likikosa linatoka upande wa nje wa kona, kwa hiyo kaa ndani ya kona, juu ya kingo, mbali na barabara, na ununue lenzi ndefu, ya kuvuta vilivyo mbali, kabla hujanunua tiketi ya basi.