NAS Inagoma Kujiunga na Domeini: Anza na DNS, Nenosiri Baadaye

NAS (kifaa cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao) ikikataa kuingia kwenye domeini ya Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta za ofisi), ujumbe wa kwenye skrini mara nyingi hulaumu jina la mtumiaji au nenosiri. Usiuamini haraka. Synology, QNAP na TrueNAS zinatumia Samba (programu inayoziwezesha kuongea na mtandao wa Windows) kwa ndani, na kurasa zao za mipangilio hukusanya makosa tofauti kabisa chini ya sentensi moja. Ukianza kujaribu nenosiri moja baada ya jingine, utafunga akaunti ya msimamizi na tatizo litabaki pale pale.

Hapa tuseme domeini ni ofisi.lan, na seva inayoisimamia ni dc1 yenye IP 192.168.10.5. Washa SSH (njia ya kuandika amri ndani ya NAS ukiwa mbali) kwenye NAS kabla ya kuendelea.

Hatua ya 1: DNS

DNS ndiyo inayogeuza majina kuwa IP, na kosa kubwa liko hapa. NAS iliyopata IP kwa DHCP (yaani kugawiwa kiotomatiki) kwa kawaida hupewa rauta kuwa DNS, na rauta haijui lolote kuhusu domeini yako. Weka 192.168.10.5 kuwa DNS kwa mkono, kisha ukiwa ndani ya NAS yenyewe andika:

nslookup -type=SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.lan

Jibu sahihi litataja dc1.ofisi.lan na poti 389. Usiongeze IP ya seva mwishoni mwa amri, maana hapo utakuwa unaipima seva badala ya mipangilio ya NAS.

Wengi huacha 8.8.8.8 kwenye nafasi ya DNS ya pili, eti iwe akiba. Iondoe. Seva yako ikichelewa kujibu, NAS inauliza Google, Google inasema jina hilo halipo, na NAS inalichukua hilo kuwa jibu halali. Hairudi kuuliza tena kwa dc1. Ndiyo sababu unaona NAS inayojiunga leo na kugoma kesho. Kama unataka DNS ya pili, iwe seva nyingine ya domeini hiyo hiyo. Majina ya intaneti yatafutwe na dc1 kwa niaba ya NAS.

Rekodi ya SRV (ile uliyoiuliza juu, inayoonyesha seva ya domeini iko wapi) ikikosekana hata ukiuliza kutoka dc1, anzisha upya huduma ya Netlogon kwenye seva hiyo. Huduma hiyo ndiyo inayoandikisha rekodi hizo.

Hatua ya 2: Saa

Kerberos, mfumo wa Active Directory wa kuthibitisha utambulisho, kwa mpangilio wa kawaida inavumilia tofauti ya dakika 5 tu, na inahesabu kwa UTC. Kwa hiyo usiangalie saa ya kwenye ukurasa wa NAS. Andika date -u, kisha linganisha na seva. Mtu akiacha NAS kwenye ukanda wa UTC halafu akaiwekea kwa mkono saa ya Dar es Salaam au Nairobi, skrini itaonyesha saa 9 alasiri sawasawa na ya ukutani, ilhali kwa ndani NAS imetangulia kwa saa 3. Betri ya CR2032 iliyokufa nayo hurudisha saa nyuma kila umeme unapokatika.

Elekeza NTP (huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao) ya NAS kwa dc1. Kwenye dc1 nako andika w32tm /query /source. Ikijibu Local CMOS Clock, seva inafuata saa yake yenyewe, nayo inahitaji chanzo kama africa.pool.ntp.org.

Hatua ya 3: Kerberos peke yake

kinit msimamizi@OFISI.LAN

Jina la domeini liwe kwa herufi kubwa. "Clock skew too great" inakurudisha hatua ya 2, "Cannot find KDC" (KDC ni huduma ya Kerberos iliyo kwenye dc1) hatua ya 1. Ikisema "Preauthentication failed", sasa ndipo ulishuku nenosiri. Amri ikimaliza kimya, nenosiri ni zima.

Kama NAS iko kwenye VLAN yake (sehemu ya mtandao iliyotengwa), pima poti za 88, 389, 445 na 464 kwa nc -zv 192.168.10.5 88, ukibadilisha namba ya mwisho.

Hatua ya 4: Jina na haki

Jina la NAS lisizidi herufi 15. Kama kulikuwa na NAS ya zamani yenye jina hilo hilo, akaunti yake bado imo kwenye Active Directory, na mtumiaji wa kawaida asiyeiunda hawezi kuitumia tena. Ifute kwanza. Mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuunganisha kompyuta 10, isipokuwa msimamizi amebadilisha kiwango hicho.

Hatua ya 5: NAS ya zamani, seva mpya

Windows Server 2019 haiji na SMB1 (toleo la kwanza la lugha ya Windows ya kushirikiana mafaili) ikiwa imewekwa, hivyo NAS inayojua SMB1 tu haitapita. Ruhusu SMB2 na SMB3 kwenye NAS. Ukiona "Strong(er) authentication required", seva inadai LDAP (njia ya kuuliza taarifa za Active Directory) iliyotiwa saini, na domeini mpya za Windows Server 2025 zinadai hivyo tangu mwanzo. Sasisha programu ya NAS. Kulegeza ulinzi wa seva kwa ajili ya kifaa kimoja ni bei mbaya.

Baada ya hapo jiunge kupitia ukurasa wa mipangilio, si kwa amri ya Samba ya net ads join, ili NAS ihifadhi mipangilio yake vizuri. Thibitisha kwa wbinfo -t (inapima uhusiano na domeini), halafu wbinfo -u (inaorodhesha watumiaji). Ya kwanza ikikubali na ya pili ikaleta orodha tupu, subiri dakika chache kabla ya kugusa chochote: kwenye domeini kubwa orodha huchukua muda kujaa.