Kabla Hujang'oa Injini ya Zamani

Gari likianza kutoa moshi wa bluu, mafundi wengi wa Kampala watakuambia injini imekufa, kanunue nyingine. Usikubali hapohapo. Mwambie fundi afungue plagi zote apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, silinda moja baada ya nyingine, injini ikiwa moto na pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Angalia zaidi tofauti baina ya silinda kuliko namba yenyewe. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi hushusha kipimo kwa zaidi ya asilimia 10 chini ya kile cha kiwandani. Injini isiyo na ubaya inaweza kuhukumiwa bure kwa sababu hiyo. Silinda moja tu ikiwa chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Kisipopanda, tatizo huenda liko kwenye vali au gasketi ya silinda hedi, na hayo hutengenezwa bila kununua injini.

Ikiwa kweli imekwisha, tafuta nyingine iliyotumika kwa kodi yake, yaani herufi na namba za aina ya injini, usiitafute kwa jina la gari. Toyota Premio iliyotengenezwa kati ya 2001 na 2007, kwa mfano, ilitoka na injini tatu: 1NZ-FE ya lita 1.5, 1ZZ-FE ya lita 1.8 na 1AZ-FSE ya lita 2.0. Hiyo ya mwisho hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo pampu, nyaya na kompyuta yake ni za peke yake. Ushauri wangu ni kurudisha kodi ileile. Ila 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, kwani vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni huziba. Ukileta nyingine ya miaka hiyohiyo, umenunua ugonjwa uleule.

Siku ya kununua, fika kabla haijawashwa, uiguse. Mimi niliwahi kuikuta injini ina joto tayari, ikinguruma kwa utulivu kama mpya, nikalipa nikiwa na furaha. Wiki mbili baadaye, njiani kwenda Masaka, ikaanza kugonga. Fundi alipofungua nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili ilishuka polepole kama asali: walikuwa wameweka nzito ili kuficha kelele za beringi. Tangu hapo nataka kuiona ikiwashwa ikiwa baridi. Nafungua kifuniko cha oili. Nikikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, naondoka, maji yameingia. Naingiza kidole kwenye bomba la maji pia. Kutu nyingi maana yake ilitumia maji matupu bila kulanti, dawa ya kupoza injini na kuzuia kutu.

Andikishaneni agrimenti yenye namba ya injini, uisome mwenyewe kwenye bloku, uchukue na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Namba ya zamani iko kwenye logibuku, kwa hiyo peleka mabadiliko kwenye usajili mapema, kabla mkaguzi wa magari hajakuuliza.

Injini ikiwa bado chini, badilisha sili ya nyuma ya krenki inayozuia oili kuvuja, pampu ya maji na mauntini (raba za kushikilia injini) zilizopasuka. Ni kazi rahisi sasa; baadaye, hasa kwa sili hiyo, huenda ukashusha injini upya. Rejeta nayo ipelekwe ikasafishwe au ibadilishwe, maana injini nyingi hufa kwa joto, na rejeta iliyoziba iliyoua ya kwanza itaua na ya pili. Na simama na fundi anapofunga thamostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini. Wengi huitoa wakisema nchi yetu ni ya joto. Bila hiyo injini huchelewa kupata moto, hula petroli zaidi na kuchakaa haraka. Mwambie airudishe, na uione ikiingia kwa macho yako.