Jinsi ya kuhamia Uingereza na pikipiki yenye kibehewa ukitokea Ujerumani (soma kabla hujalipa meli)

Kabla hujaulizia bei ya meli na kabla hujagusa fomu yoyote, toka nje ukaangalie kibehewa (sidecar) cha pikipiki yako kimefungwa upande gani. Ujerumani wanaendesha kulia, so kibehewa kinakaa kulia, upande wa ukingo wa barabara. Uingereza wanaendesha kushoto kama nyumbani, na sheria yao inasema pikipiki iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1981 au baada ya hapo, kibehewa ni kushoto basi, hakuna cha kubembeleza. Za kabla ya hapo ziko huru, ndo maana unaweza kukuta mzee na pikipiki yake ya MZ ya Ujerumani Mashariki anapeta na kibehewa kulia na hakuna anayemgusa. Mtalii Mjerumani aliyekuja kutembea naye hasumbuliwi. Wewe unahamia, hilo la utalii lisahau.

Mimi yangu ni Ural, pikipiki ya Kirusi, ya miaka ya 2000. Ajenti wa usafirishaji (simtaji) aliniambia kwa kujiamini kabisa "makaratasi ya Ulaya hayana shida kaka, yanapita". Ni kweli yalipita. Nikaipeleka gereji waiandae kwa ukaguzi, fundi akaizunguka mara moja, akachungulia kwenye kadi tarehe ya usajili wa kwanza, akafuta mikono taratibu na kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe halafu akaniuliza kama natumia sukari kwenye chai. Hapo nikajua nimekwisha.

Kuhamisha kibehewa sio kufungua nati nne kulia na kufunga kushoto. Unahitaji vishikio vya upande wa pili, wakati mwingine kuchomelea fremu, nyaya za taa zivutwe upya, breki ya kibehewa nayo hivyo hivyo, halafu inapimwa: gurudumu la kibehewa lielekee ndani kidogo, pikipiki yenyewe iegemee nje kidogo, wakikosea hapo usukani unakuvuta kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Kama Ural yako ni ile ambayo gurudumu la kibehewa linazungushwa na shafti, hiyo ni kazi ya fundi wa vibehewa kabisa na bei yake kaa chini kwanza ndo uulizie. Taa ya mbele pia angalia, za Ulaya bara zinainamia kulia, hapa zinamulika macho ya anayekuja na MOT (ukaguzi wa lazima wa usalama wa chombo) hupati. Ushauri wangu: tafuta fundi wa vibehewa Uingereza ukiwa bado Ujerumani, mtumie picha, akupe bei kwa maandishi, ndo uamue unahama nayo au unaiuza huko huko.

Haya, sasa makaratasi. La kwanza ni ToR (msamaha wa ushuru na VAT kwa anayehamia na vitu vyake) kwa HMRC, mamlaka ya kodi na forodha ya Uingereza, unaomba mtandaoni, na unaomba KABLA pikipiki haijaondoka. Masharti: uwe umeishi nje ya Uingereza miezi 12 mfululizo, na pikipiki uwe umeimiliki na kuitumia angalau miezi 6. Ushahidi wa bima, risiti za gereji, cheti cha kujiondoa kwenye anwani yako Ujerumani, vyote skani mapema, chesisi namba iandike kama ilivyo kwenye chuma sio kama unavyoikumbuka. Wakikubali wanakupa namba ya kumbukumbu, hiyo ndo unampa ajenti wa forodha. Bila hiyo namba jiandae na ushuru, na juu yake VAT ya asilimia 20.

Upande wa Ujerumani usikimbilie kufuta usajili wa kawaida, ukifuta ile pikipiki haiendi barabarani hata hadi kwenye feri. Omba pleti za kutokea, Ausfuhrkennzeichen, zile zenye kipande chekundu na tarehe ya mwisho. Miadi weka mapema, kwenye ofisi ya usajili bila miadi hata salamu unajibiwa kwa mkopo. Hakikisha kibehewa kimeandikwa kwenye kadi, na Teil I na Teil II (sehemu mbili za kadi ya usajili) zote mbili unaondoka nazo mkononi, original.

Ukifika, NOVA (kuwaarifu HMRC kwamba umeingiza chombo) ndani ya siku 14. Ni fomu nyepesi tu mtandaoni ila ukichelewa faini ni paundi 5 kwa siku, na bila NOVA kusafishwa usajili hauendi popote.

Bima ndo ilinitoa jasho la pili. Tarehe ya pleti nyekundu ikipita huna bima, na kampuni nyingi za hapa zikisikia "haina namba ya Uingereza" zinakata simu kwa adabu sana. Usipoteze muda na zile tovuti za kulinganisha bei, piga simu kwa broka wa pikipiki za zamani au za vibehewa, sema mwanzoni kabisa unataka bima kwa chesisi namba. Ukishaipata unaruhusiwa kuiendesha mpaka kwenye MOT uliyoweka miadi. Bei ya juu ya MOT kwa pikipiki tupu ni paundi 29.65, yenye kibehewa 37.80, so gereji ikikuambia 60 ondoka.

Pikipiki yenye zaidi ya miaka 10 haihitaji ule ukaguzi mrefu wa MSVA (wa kuidhinisha pikipiki moja moja kabla ya kusajiliwa), ya chini ya hapo ulizia mapema. Mwisho fomu ya usajili, V55/5, kwenda DVLA (mamlaka ya usajili wa vyombo vya moto) Swansea, wino mweusi, herufi kubwa, pamoja na MOT, kadi za Kijerumani original (piga kopi kwanza, usitegemee kuziona tena), uthibitisho wa jina na anwani, kodi ya barabara na paundi 55 za usajili wa kwanza. Namba ikitoka, pleti ni moja tu, ya njano, nyuma.

Na mtu akikuona nayo akatoa cash papo hapo, mwambie asubiri. Ukiiuza, ukiikodisha au hata ukimwazima shemeji kabla ya miezi 12 bila kuwaambia HMRC, ule msamaha wa ToR unageuka bili.