Somo: Kujichunguza matiti nyumbani kila mwezi

Dada zetu na mama zetu, somo hili la kutafuta dalili za saratani ya titi linahitaji kioo, mto au khanga iliyokunjwa, mafuta kidogo ya kupaka, na robo saa ya faragha.

SIKU. Anayeona hedhi apime siku 3 hadi 5 baada ya damu kukatika. Kabla ya hedhi homoni huyajaza matiti, yakauma na kuwa na mabonge mabonge. Ukipima wakati huo utajitia hofu bure. Aliyekoma hedhi, mjamzito, au anayechoma sindano ya uzazi wa mpango na haoni siku zake, achague tarehe moja ya mwezi asiibadilishe. Anayenyonyesha apime mtoto akishashiba, ziwa likiwa tupu.

KUANGALIA. Simama mbele ya kioo penye mwanga, kifua wazi. Kwanza mikono chini. Kisha shika kiuno na ubane kwa nguvu mpaka misuli ya kifua ikaze. Kisha mikono juu, ugeuke kushoto na kulia. Mwisho inama mbele. Usiruke mkao hata mmoja, kwa sababu uvimbe ulioshikana na ngozi huivuta pale misuli inapokaza, ngozi ikabonyea. Angalia pia ngozi yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje ikazama, ukurutu au kidonda cha chuchu kisichopona, na wekundu. Titi moja kuwa kubwa kuliko jingine tangu ubalehe si ugonjwa. Tunatafuta badiliko.

KUPAPASA. Hapa ndipo wengi hukosea. Lala chali. Kwa titi la kulia, weka mto chini ya bega la kulia na mkono wa kulia nyuma ya kichwa, titi lisambae kifuani. Ukipima umesimama tu, titi kubwa hujikusanya chini na kivimbe kidogo kikajificha ndani.

Paka mafuta. Tumia vidole vitatu vya kati vya mkono wa kushoto, vikiwa vimebanwa pamoja, na uguse kwa nyama ya vidole, siyo ncha wala kucha. Usilifinye titi kati ya gumba na kidole cha shahada: ukifinya, kila nyama utaiona uvimbe.

Zungusha viduara vyenye upana wa sarafu. Kila mahali zungusha mara tatu bila kuinua mkono: kwa wepesi, kuhisi chini ya ngozi, kwa wastani, kufikia kati, kisha kwa nguvu, mpaka uhisi mbavu. Anzia kwapani, shuka kwa mstari mpaka chini ya mkunjo wa titi, sogea upana wa kidole, panda hadi mtulingani, shuka tena, hivyo hivyo mpaka mfupa wa katikati ya kifua. Robo ya juu upande wa kwapa ipe muda zaidi. Nyama ya titi imejaa huko, na saratani nyingi huanzia huko. Chuchu ipitie bila kuikamua. Maji au damu inayotoka yenyewe ndiyo ya kupeleka kwa daktari. Ukingo mgumu chini ya titi, pande zote mbili, ni wa kawaida.

Sasa keti, ushushe mkono, upapase ndani ya kwapa. Mkono ukiwa juu misuli hukaza na tezi hazishikiki. Malizia juu ya mtulinga, kisha urudie kushoto.

Ukikuta kitu, chora titi kwenye karatasi, tia alama mahali, andika tarehe, na uende nayo hospitali.

MASWALI

Swali: Dada, nina miaka 23. Nimekuta kitu kama gololi, nikikigusa kinakimbia.
Jibu: Mdogo wangu, kwa umri wako mara nyingi hiyo ni fibroadenoma, uvimbe usio saratani. Ila vidole havithibitishi. Utapimwa kwa ultrasaundi, maana matiti ya wasichana yana nyama nzito na mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, haioni vizuri.

Swali: Shikamoo. Mama ana miaka 61, ana kivimbe hakimuumi. Anakataa kutolewa kinyama (kipande kidogo cha nyama cha kupimwa), anasema kikiguswa na chuma kitasambaa.
Jibu: Marahaba. Aende wiki hii. Saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi. Sindano ya kuchukua kinyama haiisambazi; husambaa ikiachwa bila tiba. Bila kinyama daktari hawezi kujua ni saratani ya aina gani wala ampe dawa ipi. Msikichue wala kukibandika majani. Aanzie hospitali ya wilaya. Wakiona haja watampa rufaa, mfano Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza au KCMC Moshi.

Swali: Mbona nasikia nchi nyingine wameacha kufundisha haya?
Jibu: Ni kweli. Utafiti wa Shanghai kwa wafanyakazi zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo, uliotolewa 2002, ulionyesha kwamba kujichunguza hakukupunguza vifo, na vivimbe vingi visivyo saratani vilipasuliwa. Kwa hiyo hakuchukui nafasi ya mamografia wala mikono ya daktari. Tunakufundisha ulijue titi lako, ili likibadilika usingoje.

Swali: Na wanaume?
Jibu: Nao hupata, takribani 1 kati ya wagonjwa 100. Kwa kawaida ni uvimbe mgumu nyuma ya chuchu, upande mmoja. Naye aende hospitali.